Paka Shume na Kicheko cha Mkutubi

Mshonaji alikuwa na pini midomoni na pindo la sketi ya shule chini ya sindano wakati Shume alipoingia kwa dirisha la jikoni, akapita katikati ya miguu ya meza, akaweka kicheko juu ya mkeka mdogo wa mlangoni, kisha akakaa pembeni na kuanza kujilamba mguu.

Mshonaji hakuinua kichwa. Mwenye paka watatu akiinua kichwa kwa kila kinachodondoshwa sakafuni, atamaliza siku bila kushona na shingo bila kugeuka. Mkeka ule ulikwisha kupokea panya wa kila umri, mijusi wenye mikia na wasio na mikia, nusu panzi, na siku moja samaki mzima aliyekwisha kupakwa chumvi na ndimu, ambaye jirani alimtafuta kwa sauti ya juu jioni nzima na ambaye Mshonaji, akiulizwa, alisema hajamwona.

Lakini kile cha mkekani kilicheka.

Kilikuwa na ukubwa wa kifaranga, rangi ya chai yenye maziwa haba, hakina manyoya wala miguu ya kutegemewa. Kililala ubavu kikipumua haraka haraka. Shume alikigusa kwa ukucha mmoja, kwa uangalifu wa mtu anayeonja mchuzi wa moto, nacho kikatoa he-he fupi ya kiume yenye mkwaruzo mwishoni. Akakirusha juu. Kikacheka zaidi. Akakidaka, akakiachia kitambae kidogo kuelekea kabatini, akakitazama kwa pembe ya jicho, kisha akakirudisha kwa pigo moja la kiganja.

"Usichezee chakula," Mshonaji alimwambia kupitia kwenye pini, kama alivyomwambia siku zote.

Kisha akazitema pini zote kiganjani, kwa sababu mkwaruzo ule aliufahamu. Aliwahi kuusikia mara moja tu, kabla hajaolewa, siku aliporudisha kitabu maktaba akiwa amesahau ndani yake mkono wa blauzi aliokuwa akiutumia kuweka alama ya ukurasa. Kijana wa mezani aliuvuta ule mkono, akauvuta, haukwisha, na akacheka mpaka msomaji mmoja akamnyooshea kidole cha kumnyamazisha. Mshonaji aliolewa kwa ajili ya kicheko kile. Tangu siku ya harusi alikuwa bado anakisubiri, kama mtu aliyelipia kitu dukani akaambiwa kitaletwa nyumbani.

Sasa kimeletwa. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuchelewa isipokuwa mwenye nacho.

Ni vizuri kusema mapema kwamba nyumba ile haikuwa na uhaba wa paka. Wa kwanza, Bawabu, aliokotwa kwenye bomba la maji machafu akiwa hana kimo cha kiatu. Sasa alikuwa mnene, analala mlangoni mchana kutwa, na hajawahi kumzuia mtu yeyote kuingia. Wa pili, Shangazi, aliachwa na mwenye duka aliyehama na bidhaa zote isipokuwa yeye. Tangu hapo anamtazama kila mgeni kama shangazi wa bwana harusi anavyotazama chungu cha bibi harusi. Hao wawili walikuwa wamestaarabika. Wakiona panya, walimfikiria kwanza.

Shume hakuokolewa na mtu. Alitoka nyuma ya bucha, dume lenye sikio lililochanika na uso wa mtu aliyewahi kukaa jela akaizoea. Mshonaji alimwekea mifupa ukutani, kila mara akiisogeza karibu na nyumba, mpaka msimu mzima ukapita na Shume akajikuta anakula jikoni bila kukumbuka alifikaje. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Huyu hakungoja jembe. Siku ya tatu stoo haikuwa na panya hata mmoja, na wa nyumba ya jirani walikuwa wanafungasha. Hakukubali kupapaswa. Alilala ameegemeza mgongo ukutani, jicho moja likiwa zamu.

Mkutubi, mume wa Mshonaji, aliwahi kuuliza kwa nini paka anayekula nyumbani mara mbili bado anatoka kwenda kuwinda.

"Wewe umeshasoma," mkewe akamjibu. "Maktaba unaenda kufanya nini?"

"Hm," akasema Mkutubi.

Hm lilikuwa ndilo neno lake la nyumbani. Familia ilikuwa imejifunza kulipambanua. Kulikuwa na Hm ya chakula kimepoa, Hm ya mtoto amepata alama nzuri, na Hm ya mvua inakuja anueni nguo. Alikuwa mtu mwema, hapigi wala hatukani, anarudi na mshahara na mkate. Isipokuwa miaka ya maktaba ilikuwa imemwingia mwilini. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda kidogo kuelekea midomoni, hata akiwa amelala.

Jioni ile ya kwanza mama mkwe alitoka chumbani mwake akiifuata sauti, fimbo mbele, khanga begani. Kwa kawaida hakuwa anatoka hata wakati wa chakula. Akasimama juu ya mkeka akainamisha sikio.

"Marehemu amerudi?" akauliza, kwa utulivu wa mtu anayeuliza kama maziwa yameletwa.

Mshonaji akamwambia hapana mama, huyo ni mwanao. Bibi akasikiliza tena. Akasema basi amekirithi kwa baba yake, akavuta kigoda, akaketi.

Binti wa nyumba, aliyeitwa Kasuku kwa sababu ya mdomo wake, alifika kutoka uani na mikono ya udongo. Alikitazama kile kitu kikitetemeka na kucheka chini ya kiganja cha Shume.

"Nani huyo?"

"Baba yako," akasema Mshonaji.

Kasuku akafikiri. "Baba hana hicho," akasema.

Ni wakati huohuo Mkutubi alipoingia. Alivua viatu, akavipanga, akakiona kilichokuwa mkekani, akakitambua kama mtu anavyotambua mwavuli wake kwenye kona ya nyumba ya watu.

"Hicho ni changu," akasema.

Akakiokota, akakifuta mate ya paka, akakitia mfuko wa shati. Kikatoa he-he mbili za mwishomwisho kikigonga kalamu yake, kikanyamaza. Akauliza kama chakula kiko tayari.

*

Kuanzia hapo Shume aliacha panya kabisa. Karibu kila jioni, jua likianza kulegea, alitoka kwa dirisha la jikoni na kurudi na kitu mdomoni. Si vyote vilikuwa vikubwa. Vingine vilikuwa vicheko vya puani, vyembamba kama kiberiti, ambavyo vilikwisha kabla hujaita watu. Vingine alivileta vimeshakufa, na Mshonaji alivifagia na nyuzi. Lakini kuna siku alileta cha tumbo, kinene, akikivuta kinyumenyume kwa sababu kilimzidi uzito, na siku hizo Bibi alitoka chumbani bila fimbo.

Mshonaji alimweleza jirani, kwa kuwa siri ya paka haifichiki kwa mtu uliyemlia samaki. Jirani hakuona cha ajabu. Paka wake mwenyewe aliwahi kumletea kikohozi cha mwenye nyumba, wakakaa nacho juma zima. Ila kicheko, akasema huku akichambua mboga bila kuinua macho, kicheko cha mume wa mtu hakiokotwi njiani. Kimetoka mahali. Na mahali hapo pana mtu anayekichekesha. Akamshauri: ndugu yangu, jikaze, nyumba ndogo zimejaa mjini.

Mshonaji alijikaza. Alishona sketi mbili bila mfuko na suruali moja yenye mifuko mitatu. Kisha akamtia Shume kwenye tenga, kazi iliyomgharimu ngozi ya mkono wa kushoto, akampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mtu wa mbuzi na kuku; paka aliwatibu kama anavyomsaidia mtoto wa jirani hesabu. Alichungulia ndani ya tenga, akatazama mkono wa Mshonaji, akasema hatalifungua. Akauliza dalili. Mshonaji akamweleza: anakula vizuri, halali ovyo, na analeta vicheko vya mume wangu.

"Anavila?"

"Havili. Anatuwekea mlangoni."

Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuona mengi ya namna hiyo. "Hana ugonjwa huyo," akasema. "Paka akiwaletea windo, maana yake amewaangalia akaona hamjui kuwinda. Panya mkiletewa, basi anaona mna njaa ya nyama. Hajakosea sana huyu mnyama, mama. Anawalisha."

Mshonaji alilibeba tenga mpaka nyumbani. Kuambiwa na daktari kwamba una njaa ni kitu kimoja. Kujua kwamba paka wa nyuma ya bucha aliiona kabla yako ni kingine.

*

Jioni iliyofuata alimfuata.

Si rahisi kumfuata paka ukiwa na umbo la mtu mzima na ndara. Shume alipita juu ya kuta, yeye akapita kwenye vichochoro. Shume akapita chini ya gari, yeye akalizunguka akimwomba radhi mwenye nalo. Walifika nyuma ya maktaba. Pale palikuwa na kibanda cha fundi baiskeli, matairi yamening'inizwa kama mikate, karai la maji la kutafutia pancha, na benchi refu lililong'aa kwa kukaliwa. Ukuta wa ua wa maktaba ulikuwa na tundu. Mshonaji akaweka jicho.

Mumewe alikuwa katikati ya benchi. Alikuwa amesimama, kwa kweli, mikono yote miwili hewani, shati limechomoka. Wanaume wa benchini walikuwa wameinama mbele, macho kwake, na fundi baiskeli alikuwa ameshika tyubu iliyojaa upepo bila kukumbuka kuizamisha.

Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na benchi tu. Mshonaji alihisi nafuu kwa kiasi cha pumzi moja, kisha nafuu ikageuka. Nyumba ndogo ungejua mlango wake, ungejua pa kuanzia. Utagombana vipi na benchi?

Akasikiliza, na hapo ndipo alipogundua kwamba kisa chenyewe anakijua. Ni cha siku Shangazi alipolala ndani ya sketi, na mteja akaijaribu, na akageuka mbele ya kioo akauliza kwa nini ina mkia. Mkutubi alikuwa akimwiga mteja. Akamwiga Shangazi. Akamwiga na Mshonaji, pini midomoni, akisema kwa sauti ya kazi: dada, huo ni mtindo mpya, lakini kwa heshima yako nitautoa. Alimpatia barabara. Namna anavyoinua nyusi, namna anavyopiga goti kupima pindo, yote, kwa upendo wa mtu aliyekuwa akimtazama kwa miaka bila kupepesa.

Siku ile yenyewe alikuwepo chumbani, kitini, na gazeti lake. Mshonaji na mteja walicheka mpaka wakashikana. Yeye alisema Hm.

Sasa kumbe alikuwa akiweka akiba.

Juu ya ukuta Shume alikuwa amejilaza tumbo chini, kiuno kikitikisika kulia na kushoto, meno yakigongana taratibu kama paka anavyofanya akimwona ndege nyuma ya kioo. Kisa kilifika mwisho. Benchi likalipuka, na Mkutubi mwenyewe akatupa kichwa nyuma, akafungua kinywa, na kicheko kikachomoza. Hakikusafiri mbali. Shume alishuka kama shuka kutoka kwenye kamba, akakidaka karibu kabisa na meno ya mwenyewe, akapanda ukuta na kutoweka.

Mkutubi akabaki na mdomo wazi na hewa tupu.

"Kimekatika tena," akasema mmoja wa benchini.

"Una pancha," akasema fundi baiskeli. Akalisogeza karai la maji kwa mguu. "Njoo tutumbukize kichwa tuone povu linatokea wapi."

*

Usiku ule, mtoto akiwa amelala, Mshonaji aliuliza. Hakugomba. Alikuwa anapanga vifungo kwenye kopo na aliuliza huku akivipanga, kwa nini yale anayoyacheka kule asiyacheke hapa, maana yametoka hapa.

Mkutubi alimtazama kama anayesikia swali la mtu aliyepotea njia.

"Hapa ni nyumbani," akasema.

Aliisema kwa sauti ileile anayosemea hapa ni maktaba. Aliona amejibu. Akaongeza kwamba suala lililopo ni la paka. Kule watu wameanza kumwonea huruma. Anasimulia, wenzake wanacheka, yeye mwenyewe anabaki kama redio iliyoishiwa betri. Akasema kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu mpole, kwamba kesho atamtia Shume kwenye gunia na kumpeleka ng'ambo ya mji, kwenye machinjio, ambako atapata riziki zaidi.

Mshonaji alimjua Shume. Asingekufa njaa machinjioni. Lakini paka aliyevutwa kwa mifupa msimu mzima, hatua kwa hatua, hawezi kuvutwa mara ya pili. Na mama mkwe, ambaye miaka miwili alikuwa anakula kitandani uso ukutani, sasa alikuwa anauliza saa ngapi kuanzia alasiri. Akamwambia mumewe kwamba gunia likitoka na paka, basi lirudi kuchukua na cherehani, atashonea hukohuko machinjioni.

Wakakubaliana kengele.

Kengele yenyewe ilitoka kwa fundi baiskeli, ambaye hakuambiwa ni ya nini na wala hakuuliza. Alitoa njuga ndogo ya shaba iliyong'olewa kwenye baiskeli ya mtoto. Tangu zamani panya wamekuwa wakiulizana nani atamfunga paka kengele. Aliyejitokeza mwishowe alikuwa mfanyakazi wa maktaba, na hakumfunga mwenyewe. Aliishika njuga, akamtazama Shume, Shume akamtazama, akampa mkewe njuga.

Mshonaji alishona ukosi wa kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sketi, akaitia njuga kwa uzi wa kudarizi, akamvika Shume akiwa usingizini na jicho lake la zamu limechoka. Shume aliamka, akapiga hatua moja. Akalia ngli. Akasimama. Akageuka kumtafuta aliyelia.

Ukosi ulifanya kazi. Kila Shume alipofika juu ya ukuta wa maktaba njuga ilimtangulia, Mkutubi akakatisha kisa, na benchi zima likanyamaza naye na kuweka nyuso za msiba mpaka paka apite. Kisha wakaendelea. Mkutubi akapata tena mwisho wa vicheko vyake, akavitumia vyote kulekule, akarudi nyumbani mtupu na mkate.

Na nyumba ikanyamaza. Shume alitoka kila jioni na kurudi bila kitu. Alikaa kwenye mkeka mtupu, kichwa chini, na Shangazi akampita kwa mbali kama anayempita mtu asiyelipa madeni. Panya walirudi stoo, wakiwa na familia. Kasuku alijaribu kucheka kicheko cha baba yake kwa kukumbuka, akakipata vizuri kabisa, hata mkwaruzo, mpaka siku baba mwenyewe alipomsikia, kidole kikapanda midomoni. Bibi akarudi kitandani. Uji ukaanza kurudi jikoni na utando juu.

Alasiri moja Mshonaji alimpelekea chai. Bibi alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Mwanangu," akasema, "leo pia hajaleta kitu?"

Mshonaji akamwambia bado, mama. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

Bibi akauambia ukuta: "Siku ya msiba wa baba yao walikuja watu siwajui. Wa sokoni, wa kituoni, sijui wa wapi. Wakakaa pale nje wakaanza, unakumbuka alivyotuambia hivi, unakumbuka ile ya mbuzi na polisi. Wakacheka, na machozi yanawatoka. Mcheshi kama yule hazaliwi tena, walisema." Akavuta shuka. "Mimi nilidhani wamekosea msiba."

Mshonaji akavuta kikombe cha pili. Akaipoza chai kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe.

"Miaka arobaini na miwili nimekaa naye," akasema Bibi. "Ile ya mbuzi na polisi siijui mpaka leo. Niliona haya kuwauliza."

Mshonaji alirudi kwenye cherehani. Akamwita Shume, ambaye alikuja kwa sababu hakuwa na shughuli nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu atoke nyuma ya bucha akakubali kushikwa kidevu. Ukosi Mshonaji hakuufumua. Ukosi ulitakiwa uonekane. Alichukua kijipamba kidogo cha kujazia mabega ya koti, akakisokota kwa ncha ya sindano na kukipenyeza ndani ya njuga, kidogo kidogo, kama anayemlisha mtoto mgonjwa, mpaka kokoto ya ndani ikazama na kulala. Akaitikisa sikioni. Haikusema.

"Nenda," akamwambia.

*

Shume alirudi na kicheko kidogo, cha majaribio. Kesho yake cha kati. Panya wakafungasha upya. Mshonaji alijifunza kuvifunika kwa tenga upesi kabla Shume hajavimaliza kwa mchezo, na chini ya tenga viliishi mpaka wakati wa kulala, vikicheka kila vikikumbuka. Bibi alirudisha kigoda chake mahali pake. Baada ya siku chache akaanza kumweleza Kasuku ile ya mbuzi na polisi, akiibuni mwenyewe kwa kukisia. Na ingawa mbuzi alikuwa akibadilika rangi kila jioni, mwisho ulizidi kuwa mzuri.

Siku moja fundi baiskeli mwenyewe alileta suruali ya kupunguzwa. Alisema Mkutubi kapatwa tena na ile pancha yake, maskini, na hataki dawa. Cha ajabu zaidi, akasema akiwa amesimama juu ya kigoda na Mshonaji magotini pake akibana pindo, ni kwamba siku hizi ameacha nafasi yake ya katikati ya benchi. Anakaa mwisho kabisa, chini ya ukuta, pale paka wanapopita. Wamemwambia kuna jua pale. Hasikii.

Mshonaji alikuwa na pini midomoni, kwa hiyo hakulazimika kujibu.

Jioni hiyo Shume alichelewa. Alirudi kwa mlango, si kwa dirisha, kwa sababu dirishani kisingepita. Alikuja kinyumenyume, miguu ya nyuma ikiteleza, akikivuta kicheko kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuleta, kinene kama mto wa kulalia, kikicheka njia nzima. Bawabu alilazimika kuamka ili kipite. Tenga halikutosha, walitumia beseni la kufulia lenye matundu ya kutu.

Mkutubi aliingia nyuma yake kidogo. Alivua viatu, akavipanga. Akalitazama beseni lililokuwa likiruka ruka sakafuni. Mama yake alikuwa amelishikilia kwa mikono miwili, anafuta macho kwa bega, na Kasuku amelalia tumbo, sikio kwenye tundu.

"Hm," akasema. Ilikuwa ni Hm ambayo hawakuwa nayo kwenye hesabu.

Akaketi na gazeti lake. Shume, akiwa bado anahema, alipita karibu na mguu wake. Mkutubi akainama, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaigusa njuga kwa kile kidole chake kilichopinda. Haikulia. Akaigusa tena, akaisogeza karibu na sikio, maana ukimya wa kila aina ndiyo taaluma yake na alitaka kujua huu ni upi. Mshonaji aliinamia pindo ambalo lilikwisha kushonwa, akalishona tena.

Mkutubi akaiachia njuga. Akamrekebisha Shume ukosi, ili upande ulioshonwa ukae nyuma, akafungua gazeti.

Chini ya beseni kicheko chake kilipanda, kikafika juu kabisa, kikashuka kwa mkwaruzo na kuanza upya. Bibi alikuwa hana pumzi. Kasuku alikuwa anakicheka pamoja nacho, sauti kwa sauti, huwezi kujua kipi cha nani. Mkutubi alifungua ukurasa wa pili. Kidole kikapanda midomoni.

"Punguzeni sauti," akasema. "Nasoma."

Mshonaji akachukua kipande cha kitambaa cha bluu, akakikunja mara mbili, akalifunika beseni. Kicheko kikaendelea kwa chini. Ili wakisikie vizuri iliwabidi wote wasogee karibu zaidi, na walisogea, Bibi na kigoda chake, Kasuku, Mshonaji na kopo lake la vifungo, hata Shangazi. Wote isipokuwa mwenyewe.